Angali Mbali

Mpendwa, Novemba mwaka jana nililala katika mtaa mmoja wa usharika wetu, huku Nyanda za Juu Kusini, kijiji kilichoegemea mgongo wa mlima. Safari yangu ilikuwa ya ndugu wawili. Mama yao alishafariki, na familia ilikuwa inajiandaa kulijengea kaburi lake. Mdogo, anayeishi Tunduma, alikuwa amemwomba mwinjilisti amfikishie kaka yake ujumbe kwamba angependa kuja, na kwamba saruji angenunua yeye. Kaka mtu hakutaka kusikia. Tulikaa sebuleni tangu saa kumi jioni. Tulikula viazi, tukanywa chai, tukaomba, na kila nilipolisogelea jambo lenyewe mzee alinirudisha kwa maneno yaleyale: "Mchungaji, huyu mimi namjua. Wewe humjui." Kisha ananisimulia tena habari ya shamba la miti la baba yao, jinsi mdogo wake alivyoivuna paina kabla haijakomaa, akauza, akaondoka na fedha. Ilikuwa mwaka 2011. Alikumbuka hata rangi ya lori lililobeba magogo.

Sikuwa na la kumjibu. Aliyoyasema yalikuwa kweli tupu, na mtu aliyeumizwa ana haki ya kusikilizwa mpaka mwisho, hata kama ni mara ya nne.

Kama saa tatu kasoro umeme ukakatika. Mvua ilikuwa imepita jioni, ikaliosha anga, na mwezi haukuwepo. Nilitoka kunyoosha miguu, nikamkuta mjukuu wa mzee amesimama uani, amejifunga shuka, amekaza macho upande wa kaskazini. Yuko kidato cha tatu, na mwalimu wao wa fizikia alikuwa amewaambia kuna galaksi nyingine nzima inayoonekana kwa macho matupu miezi hii.

"Shikamoo, Baba Mchungaji. Njoo uone."

Alinionyesha nyota nne zilizojipanga kama fremu ya mlango, kisha akanitembeza nyota kwa nyota kutoka kwenye pembe moja. Mimi sikuona kitu. Akaniambia nisiitazame moja kwa moja. "Tazama pembeni yake kidogo, halafu subiri." Nilifanya hivyo, na polepole kikatokea kidoa cheupe kisicho na kingo, kama pumzi ya mtu juu ya kioo. Nilipokikazia macho kikapotea. Nilipolegeza kikarudi. Ndivyo jicho lilivyoumbwa: katikati yake ni hodari wa kusoma maandishi mchana, lakini mwanga hafifu hupokelewa vizuri zaidi na sehemu za pembeni, nazo huhitaji muda wa kuzoea giza.

Kidoa kile ni Andromeda. Ina nyota mabilioni kwa mabilioni, na iko umbali wa miaka milioni 2.5 ya nuru. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka kwenye jua hadi uani kwako unatumia dakika nane tu. Huu ulioingia jichoni mwangu usiku ule ulianza safari miaka milioni mbili na nusu iliyopita, kabla hajakuwepo mtu wa kuutazama. Yule binti alilisema jambo hilo kwa namna yake, na maneno yake hayajanitoka hadi leo: "Kwa hiyo tunaiona ilivyokuwa, Baba Mchungaji. Ilivyo leo hatujui."

Nilirudi kitandani lakini usingizi haukuja. Nilikuwa nasikia sauti mbili gizani, ya babu ikisema *namjua*, na ya mjukuu ikisema *hatujui*.

Mpendwa, naomba tukae kidogo hapo. Yuko mtu unayemwona kwa mwanga wa zamani? Labda ni ndugu, labda mwenzi wa ndoa mnayelala chumba kimoja, labda mtoto aliyekuangusha alipokuwa na miaka 17 na sasa ana 30. Picha uliyo nayo ni ya kweli. Mwanga wa Andromeda hausemi uongo. Ndivyo ilivyokuwa siku mwanga ule ulipotoka. Tatizo linaanza pale tunapoichukua habari ya siku ile tukaitundika ukutani kama habari ya leo asubuhi.

Tangu usiku ule nimekuwa nikisoma, kwa kadiri ya uwezo wangu, jinsi wanafalaki wanavyozichunguza hizi galaksi za mbali. Nilitegemea kukuta habari za mitambo mikubwa. Nimezikuta, lakini nilichokikuta zaidi ni watu waliokubali kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu.

Mmoja ni mama aliyeitwa Henrietta Swan Leavitt, aliyefanya kazi katika kituo cha uangalizi wa nyota cha Harvard, Marekani, mwanzoni mwa karne iliyopita. Usikivu wake ulikuwa umepungua sana. Kazi yake ilikuwa kuchunguza picha za anga zilizopigwa kwenye mabamba ya kioo kule Peru, ambako Harvard walikuwa na darubini yao ya kusini. Kwenye kioo kile nyota ni nukta nyeusi, ndogo kama kinyesi cha nzi. Alilinganisha bamba la usiku huu na bamba la usiku ule, nukta kwa nukta, akitafuta nyota zinazofifia na kung'aa kwa zamu. Mwaka 1908 alitoa orodha ya nyota 1,777 za namna hiyo katika Mawingu ya Magellan, makundi mawili ya nyota yanayoonekana kama mawingu upande wa kusini. Wingu lile dogo kati ya hayo mawili lilikuwepo usiku ule kijijini. Kama ningegeuka nikaipa Andromeda mgongo ningeliona upande wa kusini, juu ya miti. Sisi wa huku tumepewa anga zote mbili kwa usiku mmoja, na wengi wetu hatujawahi kutoka nje kutazama.

Mwaka 1912, katika nyota 25 za wingu lile dogo, mama huyu alithibitisha jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona kabla yake: nyota inayochukua siku nyingi kufifia na kung'aa tena, ndiyo yenye mwanga mkubwa zaidi. Fikiria karabai ng'ambo ya bonde. Kwa kuwa unajua karabai huwaka kwa nguvu gani, udogo wa mwanga wake unakuambia ilivyo mbali. Basi kwa kuhesabu siku za mapigo ya nyota unajua nguvu yake halisi, na ukishajua nguvu yake unaweza kupima umbali. Oktoba 1923, katika kituo cha nyota juu ya Mlima Wilson kule California, mwanafalaki Edwin Hubble alikuta nyota ya aina hiyohiyo ndani ya Andromeda, mapigo yake yakichukua siku 31 hivi. Kipimo alichokipata kilikuwa pungufu. Umbali halisi ni zaidi ya mara mbili. Hata hivyo kilitosha kumaliza ubishi wa miaka mingi: Andromeda iko nje kabisa ya Njia Nyeupe yetu, ni galaksi kamili kama hii tunayoishi.

Mwaka 1925 mwanahisabati mmoja wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, alimwandikia barua Leavitt, akitaka kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel. Barua ilifika Harvard. Yeye alikuwa amefariki tangu Desemba 1921. Heshima ile ilikuwa njiani ikielekea kwa mtu ambaye hakuwepo tena. Nilipoisoma habari hiyo nilikifunga kitabu nikakaa kimya, kwa sababu nimezika watu wengi, na najua ni maneno mangapi mema husemwa kwa mara ya kwanza mbele ya jeneza.

Mwingine ninayempenda ni Milton Humason. Aliacha shule akiwa na miaka kama 14. Kituo cha Mlima Wilson kilipokuwa kikijengwa, yeye alikuwa anaswaga nyumbu waliopandisha mizigo kileleni. Baadaye aliajiriwa kufanya usafi, akawa msaidizi wa usiku, kisha akawekwa darubinini mwenyewe, na ikaonekana kwamba pale mlimani hapakuwa na mwenye subira kama yake. Alipewa kazi ya kupima galaksi hafifu kabisa. Mwanga wake hutawanywa ukawa rangi, kama upinde wa mvua, na ndani ya rangi hizo mna mistari myeusi. Mistari ikiwa imesogea upande wa wekundu, galaksi ile inazidi kwenda mbali nasi, na kadiri ilivyosogea ndivyo kasi ilivyo kubwa.

Lakini mwanga wenyewe ulikuwa kidogo mno. Picha moja ilihitaji saa zaidi ya 30. Usiku hauna saa 30. Kwa hiyo Humason alifungua kuba, akaielekeza darubini, akakaa kwenye baridi (kuba haliwashwi moto, maana hewa ya joto huivuruga picha), jicho kwenye lenzi, mkono ukisahihisha kidogo kidogo ili nyota ya kumwongoza isitoke kwenye alama ya msalaba. Alfajiri alilifunika bamba, akalihifadhi gizani mchana kutwa. Jioni akalirudisha bamba lilelile, akaitafuta galaksi ileile, akaendelea pale alipoachia. Usiku baada ya usiku. Mwaka 1929 alitangaza kasi ya galaksi moja kuwa karibu kilomita 3,800 kwa sekunde. Kwa vipimo vya namna hiyo, vyake na vya wenzake, ulimwengu ukafahamika kuwa unapanuka.

Sababu ya kung'ang'ania bamba moja ni hii. Jicho letu halitunzi mwanga. Linapokea, linasahau, linapokea tena. Bamba hutunza kila chembe inayolifikia, hata ikija moja moja, mpaka kisichoonekana kionekane. Je, umewahi kumpenda mtu kwa namna hiyo? Namaanisha kumtunzia mambo mema madogo. Alinipigia simu nilipofiwa, ingawa hakujua la kusema. Aliniachia nafasi kwenye benchi. Mabaya tunayatunza bila kufundishwa, rangi ya lori na yote. Mema huja hafifu, na kama hakuna bamba la kuyapokea usiku wa leo na wa kesho, yanapita tu. Nafikiri sehemu kubwa ya uaminifu wa kila siku, wa ndoa, wa malezi, wa sala, ni kurudisha bamba lilelile jioni, ukiwa umechoka, ukiwa huna uhakika kama jana liliandika chochote.

Desemba 1995 Robert Williams, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi inayosimamia kazi za darubini ya anga ya Hubble kule Baltimore, alifanya jambo ambalo baadhi ya wenzake walimshauri asilifanye. Aliielekeza darubini ile ya gharama kubwa mahali pasipo na kitu, kipande cheusi katika kundi la nyota la Dubu Mkubwa, kidogo kama tundu la sindano uliyoishika mkono umeunyoosha. Siku kumi. Picha 342. Zilipounganishwa, katika tundu lile palikuwa na galaksi zipatazo 3,000. Sitaongeza neno hapo. Kila mmoja wetu anamjua mtu ambaye kijiji kizima kimekubaliana kwamba hana kitu ndani yake.

Nataka nikae zaidi kwenye darubini iliyofuata, ya James Webb, kwa kuwa ndiyo iliyonisema mimi. Ilirushwa siku ya Krismasi mwaka 2021, na sasa iko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, kimepakwa dhahabu. Hutazama galaksi za mbali kiasi kwamba mwanga wake, kwa kusafiri muda mrefu katika anga inayopanuka, umevutika ukavuka wekundu unaoonekana na macho ukawa aina ya mwanga ambao sisi huuhisi kama joto. Hapo ndipo penye shida. Chombo chenyewe kikiwa na joto, joto lake litaangaza na kuufunika ule mwanga mdogo wa mbali. Kitakuwa kinajitazama chenyewe. Kwa hiyo waliitengenezea ngao ya matabaka matano, pana kama uwanja wa tenisi, ya kuikinga na jua, kisha wakasubiri. Miezi. Ilipoa mpaka chini ya nyuzi 223 chini ya sifuri. Picha zake za kwanza tulizipata Julai 2022.

Mara ngapi nimemtazama ndugu yangu nikiwa moto? Nilidhani naona ubaya wake, kumbe ni joto langu mwenyewe lililokuwa linawaka kwenye kioo. Bwana wetu alipozungumza juu ya kibanzi na boriti, hakusema kibanzi hakipo. Alisema kipo, na kwamba utakiona vizuri baadaye. Kuna utaratibu. Lugha yetu inalijua hilo tangu zamani, kwa mtu mwenye hasira hatusemi "acha," tunasema "poa kwanza." Na kupoa si kazi ya dakika moja. Ikiwa bado unawaka kwa jambo la mwezi uliopita, usijihukumu. Omba ngao, ukae kivulini, upewe muda.

Niseme na hili, kwa upole, kwa sababu najua anayesoma huenda amepigwa, au amedhulumiwa na mtu ambaye bado anadhulumu. Kusamehe hakukutaki urudi kwenye mkono unaokupiga. Wakati mwingine mwanga mpya ukifika unathibitisha ule wa zamani, na hekima inabaki kukaa mbali. Ninachoomba ni kwamba tuuruhusu ufike.

Katika Injili ya Luka, sura ya 15, tunaye kijana aliyeondoka na urithi. Wengi tunakumbuka kurudi kwake. Mimi siku hizi natulia kwenye jambo dogo lililotangulia: baba alimtambua akiwa hajafika nyumbani, akiwa bado kitu kidogo kwenye barabara ndefu. Mtu haoni mbali hivyo kwa bahati. Ni lazima alikuwa ameitazama barabara ile jioni nyingi tupu. Na aliyemwona hakuwa yule kijana aliyeondoka, mwenye nguo nzuri na mfuko mzito. Alikuwa amekonda, mchafu, mwendo umebadilika. Baba alimtambua hata hivyo, akakimbia. Kaka mkubwa, ambaye hakuwa amemwona mdogo wake kwa muda wote ule, alikuwa na maelezo kamili ya maisha yake, na neno "mdogo wangu" lilimshinda kutamka.

Wewe umesimama wapi katika hadithi hiyo, mpendwa? Mimi nimesimama kote kuwili, mara nyingine katika wiki moja.

Asubuhi ya siku ile ya Novemba niliaga bila kupata jibu. Januari nilirudi mtaani kwa ibada ya Chakula cha Bwana. Mzee alikuja, akaketi nyuma. Baada ya ibada alinisindikiza hadi nilipoacha pikipiki, akaushika usukani kama anayetaka kuupima, akawa anazungumza habari za mvua na bei ya mbolea. Kaburi walikuwa hawajalijenga. Nilipowasha pikipiki akaniwekea mkono begani ili niizime.

"Mchungaji, hivi yule siku hizi ana mvi?"

"Sijui, mzee. Sijamwona."

Alitazama chini. Nikatoa simu nikamsomea namba niliyopewa na mwinjilisti. Aliiandika nyuma ya bahasha ya sadaka, tarakimu kubwa kubwa, akanitaka niisome tena, polepole.